Droni na maafa: kazi kubwa hufanyika kabla mvua haijanyesha

Alfajiri ya Jumatatu, 29 Aprili 2024, maji yalikishukia kwa nguvu kijiji cha Kamuchiri, karibu na Mai Mahiu katika kaunti ya Nakuru, yakabeba nyumba na watu waliokuwa bado wamelala. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Habari za mwanzo zilisema bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kuwa halikuwa bwawa. Njia ya maji inayopita chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na mawe, udongo na magogo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka yakapata pa kutokea.

Bwawa la namna hiyo haliwi kwenye orodha ya mabwawa, kwa sababu hakuna aliyelijenga. Halina mlinzi wala mhandisi wa kulikagua. Lakini kutoka mita 100 juu, kalavati lililoziba chini ya tuta, na korongo linalolielekea, ni vitu vinavyoonekana wazi mchana wa jua. Sisemi kwamba droni ingewaokoa watu wa Kamuchiri. Hilo hakuna awezaye kulithibitisha. Ninachosema ni kwamba swali la "maji yatakwama wapi?" linajibika mapema, na droni ni miongoni mwa vyombo rahisi vya kulijibu.

Sisi tumezoea kuziona droni baada ya msiba. Kila mafuriko yakitokea mitandao hujaa video za kutoka angani: mapaa ya mabati yanayoelea, barabara iliyokatika, ng'ombe kwenye kisiwa cha tope. Zinatia huzuni na zinasambaa haraka, lakini mara nyingi hazimsaidii aliye juu ya paa. Ili kuelewa kwa nini, inabidi tuanze na kile ambacho chombo hiki kinaona na kile kisichokiona.

Tuanze na urefu. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo picha zake ni bure kwa yeyote, zinaona dunia kwa vipande vya mita 10 kwa mita 10. Nyumba nzima ya Tandale, mtaa uliobanana wa Dar es Salaam, pamoja na choo chake na kichochoro cha jirani, inaweza kuingia ndani ya kipande kimoja. Tena zinahitaji anga jeupe, na wakati wa mafuriko anga huwa limefunikwa na mawingu. Dada zao, Sentinel-1, hutumia rada na huona kupitia mawingu, ila hupita kwa ratiba yake, na siku kadhaa zinaweza kukatika kati ya picha moja na inayofuata. Droni ndogo hupita chini ya mawingu, hurushwa saa unayoitaka, na kwa urefu wa mita 100 kila nukta ya picha yake huwa na upana wa sentimita chache tu. Unaona mfuniko wa chemba. Unaona mfuko wa rambo uliokwama kwenye mdomo wa mtaro.

Lakini tazama gharama ya uoni huo. Droni ya kawaida yenye propela nne hukaa hewani kati ya dakika 20 na 40, na katika muda huo itapiga picha za mitaa michache. Ukitaka wilaya nzima utahitaji siku nyingi na betri nyingi. Ndiyo maana, Kimbunga Idai kilipoipiga Beira nchini Msumbiji usiku wa 14 Machi 2019, kazi ziligawanyika zenyewe. Rada za setilaiti zilionyesha kuwa mabonde ya mito ya Buzi na Pungwe yamegeuka kama bahari. Droni za taasisi ya maafa ya Msumbiji, ambayo watu wake walikuwa wamefundishwa kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ziliingia mitaani kuhesabu mapaa yaliyong'olewa na kuonyesha mahali pa kuanzia. Setilaiti hukwambia ni wapi, droni hukwambia ni nini. Anayezinunua droni akidhani zitachukua nafasi ya setilaiti atakata tamaa wiki ya kwanza.

Angalia pia jambo moja katika habari hiyo ya Beira: watu walikuwa wamefundishwa kabla. Mafunzo hayo hayakuanza upepo ulipoanza kuvuma.

Mfano ninaoupenda zaidi uko nyumbani, Dar es Salaam. Desemba 2011 mvua kubwa iliua zaidi ya watu 40 jijini, na Bonde la Msimbazi likawa jina la kutajwa katika kila taarifa ya habari. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ukiwakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chama cha Msalaba Mwekundu, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Benki ya Dunia na wachora ramani wa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote. Walichukua kata zinazofurika na kuzichora upya, nyumba kwa nyumba, mtaro kwa mtaro. Mojawapo ya vifaa vyao ilikuwa droni ya eBee: ndege ya povu yenye mabawa, uzito usiofika kilo moja. Haihitaji kiwanja cha kurukia. Unaishika mkononi, unaitikisa mara tatu mota ianze kuzunguka, kisha unairusha, nayo inapanda na kuanza kwenda na kurudi angani kama mkulima anayelima matuta. Ikimaliza hujishusha kwa tumbo kwenye uwanja wa mpira, watoto wakiikimbilia.

Mwaka uliofuata Zanzibar ilianza mradi wake wa aina hiyo, Tume ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, na vijana wa visiwani ndio waliorusha. Walipiga picha zaidi ya kilomita za mraba 2,000 za Unguja na Pemba kwa ndege hizo hizo za povu.

Picha moja moja hazina kazi kubwa. Kinachotakiwa ni picha mamia zinazopandiana, kila moja ikifunika sehemu kubwa ya iliyotangulia, kwa kawaida asilimia 70 hadi 80. Kona ile ile ya paa ikionekana kwenye picha sita zilizopigwa kutoka sehemu sita, programu ya kompyuta inaweza kupiga hesabu ya pembe na kujua kona hiyo iko wapi na iko juu kiasi gani. Ikirudia hivyo kwa mamilioni ya nukta, unapata vitu viwili: picha moja kubwa iliyonyooka ambayo unaweza kuipima kwa rula, na umbo la ardhi lenye vimo vyake. Hicho cha pili ndicho kinachotafutwa na watu wa mafuriko, kwa kuwa maji hayajui jina la mtaa, yanajua mteremko.

Na hapa ndipo wengi hujikwaa. GPS ya droni ya bei nafuu inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kwa kimo hukosea zaidi kuliko kwa upande. Kwenye mji wa milima hilo linaweza kuvumilika. Kwenye bonde tambarare kama Jangwani, Dar es Salaam, tofauti kati ya nyumba inayoingiwa na maji na nyumba inayobaki kavu inaweza kuwa ya magoti tu. Ramani yenye kosa la mita mbili itaiweka familia nzima upande usio wake. Dawa yake ni ya kizamani: kabla ya kurusha, wapima ardhi hupaka alama kubwa za msalaba chini, wanazipima kwa vifaa sahihi, kisha wanailazimisha ramani ya droni ikae juu ya alama hizo. Asiyefanya hivyo amepata picha nzuri, ila hajapata kimo.

Kuna mtego wa pili. Kamera huona kilicho juu. Mwembe uliofunika mtaro, kwa droni, ni kilima cha kijani kilichoziba njia ya maji. Paa la kibanda lililojengwa juu ya mfereji ni ukuta. Kompyuta ikiachiwa umbo hilo bila kusafishwa itakuonyesha mafuriko mahali ambapo maji yanapita vizuri chini ya majani. Na maji yenyewe huisumbua programu, maana yanang'aa na kutembea, nukta ya sasa si nukta ya sekunde tatu zilizopita. Kwa hiyo picha za siku ya mafuriko hutoa vimo vibovu zaidi kuliko picha za kiangazi. Ukitaka kujua maji yatapita wapi, ruka wakati hakuna maji.

Ndiyo sababu vijana wa Ramani Huria hawakuishia angani. Walishuka mitaroni na tepu za kupimia: upana, kina, umejengwa kwa saruji au ni wa udongo, umeziba au haujaziba. Waliwauliza wakazi maji yalifika wapi mwaka ule, na mama wa nyumba akaonyesha kwa kiganja mstari wa kahawia ukutani. Waliwatumia wajumbe wa mashina, kwa sababu mjumbe anajua nyumba ipi ina mzee asiyeweza kutembea. Hakuna kamera inayojua hilo. Kwa maoni yangu, thamani ya kazi ile iko zaidi katika huo mstari wa kahawia kuliko katika ndege ya povu. Ndege iliupa tu mahali pa kukaa kwenye ramani.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe ya maafa, maana droni ina nafasi huko pia, ila nyembamba kuliko inavyosemwa.

Mfano mzuri uko Ziwa Kivu. Kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Congo, MONUSCO, kilianza kurusha droni zisizo na silaha kutoka Goma mwezi Desemba 2013. Mwezi Mei 2014 moja ya droni hizo, ikiwa kwenye doria, iliona mashua inazama ziwani. Waendeshaji wakatoa taarifa, boti zikatumwa, na watu zaidi ya kumi wakatolewa majini wakiwa hai. Kwa nini ilifaulu? Ilikuwa tayari iko angani. Kulikuwa na mtu anayetazama skrini. Mtu huyo alijua ampigie nani, na huyo aliyepigiwa alikuwa na boti yenye mafuta. Ukikitoa kiungo kimoja tu kati ya hivyo, kinachobaki ni video ya watu wanaozama.

Watu huuliza sana kuhusu kamera za joto, wakiamini zinaona kupitia ukuta. Haziwezi. Kamera ya joto husoma joto la uso wa kitu. Mtu aliye chini ya mabati haonekani, yanaonekana mabati. Saa saba mchana mabati na mawe yamechemka kiasi kwamba mwili wa binadamu unapotea katikati yake; kamera hiyo hufanya kazi yake vizuri usiku na alfajiri, ardhi ikishapoa. Ndani ya maji kinachoonekana ni kichwa na mabega tu. Majani mazito huficha pia. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kulikuwa na fundi mitambo aliyebaki hai ndani yake siku mbili, akipumua hewa iliyonaswa humo. Wazamiaji ndio waliomtoa. Hakuna jicho la angani lingemfikia.

Vivyo hivyo Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka mlimani yakaufunika mji wa Katesh na vijiji jirani, zaidi ya watu 80 wakafariki. Aliyefunikwa na tope haonekani kwa kamera yoyote ya droni. Bado kuna maswali ambayo droni hujibu vizuri katika hali kama hiyo: tope limepita wapi na limeishia wapi, barabara ipi inapitika kwa greda, na huko juu ya mlima kuna udongo uliolegea unaosubiri kushuka tena juu ya waokoaji? Hilo la mwisho ningelipa uzito wa kwanza, kwa kuwa binadamu kulijibu lazima apande mteremko ule ule unaoogopwa.

Betri ni jambo linalochosha kulizungumza, lakini ndilo linaloamua. Upepo wa kurudi unaweza kuwa mkali kuliko wa kwenda, na rubani asiye na uzoefu hugundua hilo akiwa na asilimia 15. Wazoefu hurudi mapema, asilimia 30, na huweka kimo cha kurudia nyumbani kiwe juu ya minara ya simu na nyaya za umeme. Mvua ikianza, droni nyingi za kawaida hazina kinga. Umeme ukikatika, chaja hutegemea gari au jenereta. Mtandao ukianguka, picha za gigabaiti kadhaa haziwezi kutumwa. Inabidi memori kadi ipewe dereva wa bodaboda aipeleke kwenye kituo cha uratibu. Mpango wa maafa usiomtaja bodaboda huyo haujakamilika.

Halafu kuna anga lenyewe. Helikopta ya uokoaji hushuka chini sana, kimo kile kile cha droni, na rubani wake hawezi kukiona kitu chenye ukubwa wa sahani ya wali. Hatari hii imekwisha kutokea kweli. Mwezi Januari 2025, Los Angeles ikiungua, droni ya mtu binafsi iligongana na ndege ya kumwaga maji kutoka Canada na kutoboa bawa lake. Ndege ikashushwa kwa matengenezo wakati moto unaendelea kula nyumba. Aliyerusha hakuwa na nia ya kuua mtu, alitaka kutazama.

Kwa hiyo, anayemiliki droni Tanzania aanze na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Kenya aanze na KCAA, na afanye hivyo leo. Kenya ilitoa kanuni zake za droni mwaka 2020, Tanzania ilitangulia mwaka 2018. Usajili na vibali huchukua muda, na ukishika simu kuviomba huku maji yanapanda umeshachelewa. Ukisikia helikopta, shusha chombo chako. Usibishane nayo.

Nasema haya nikiwafikiria hasa vijana wanaopiga picha za harusi. Katika miji yetu wao ndio wenye droni nyingi na mikono iliyozoea. Kamati ya maafa ya kata, au chifu na wazee wa Nyumba Kumi kule Kenya, wanaweza kuwatambua mapema wawili watatu, wakakubaliana nao. Ila upigaji wa harusi na upigaji wa maafa ni kazi mbili. Harusini unazunguka, unapanda polepole, unatafuta mwanga wa jioni. Kwenye maafa kamera inaelekezwa chini wima, unaenda kwa mistari iliyonyooka, na kila picha inabaki na saa na mahali ilipopigwa. Kabla hujawasha propela unauliza: ni uamuzi gani unaosubiri picha hii? Kama jibu ni "tunataka kujua daraja la chini linapitika", unaruka hadi darajani, unapiga, unarudi, unampa aliyeuliza. Dakika nane. Betri iliyobaki ni ya swali linalofuata.

Na video usiirushe kwenye kundi la WhatsApp. Aliye juu ya paa na nguo za ndani ana heshima yake, maiti ana ndugu ambao hawajaambiwa, na nyumba zilizoachwa wazi zinaonekana na wezi pia. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake.

Sehemu nyingine mlio wenyewe ni tatizo. Mashariki ya Congo, ambako droni za kivita zimetumika, mtoto akisikia kitu kinavuma juu hukimbilia ndani. Kabla ya kurusha pale, lazima redio ya jamii itangaze na viongozi wa mtaa wapite kusema ni nani anarusha, kwa nini, na saa ngapi. Hata Dar es Salaam na Zanzibar wakazi walikuwa na haki ya kuuliza kama picha zile ni za kuwahamisha. Historia ya bonde la Msimbazi imewafundisha watu kuwa ramani inaweza kuja na greda nyuma yake. Anayetaka ushirikiano wa mjumbe na ajibu swali hilo mapema na kwa ukweli, na awaachie watu wa mtaa nakala ya ramani iliyochapwa kwenye karatasi kubwa.

Kwa pwani na bara la Afrika Mashariki, wiki nzuri za kurusha ni mbili tatu za ukame kabla ya masika, Januari mpaka Februari, na tena Septemba kabla ya vuli. Rudia njia ile ile kila mwaka. Picha za mwaka huu zikilazwa juu ya za mwaka jana, utaona ukuta mpya uliolibana korongo, jalala lililosogea hadi ukingoni, mti ulioanguka kwenye mdomo wa kalavati. Kutoka hapo toa orodha fupi yenye mahali, picha, jina la anayehusika na kazi hiyo, na tarehe ya kumaliza kuzibua, kisha mtumeni mtu arudi na droni baada ya tarehe hiyo kuangalia kama kalavati liko wazi.